MicroSquirt na Kihisi cha Oksijeni cha Masafa Mapana katika Land Cruiser ya Petroli: Tathmini kutoka Malindi

Tathmini hii inahusu vitu viwili vilivyofungwa katika Land Cruiser 80 ya petroli hapa Malindi: kompyuta ya injini aina ya MicroSquirt, iliyochukua nafasi ya ile ya kiwandani, na kipimo cha AEM X-Series ambacho hutumia kihisi cha oksijeni cha masafa mapana kinachotengenezwa na Bosch. Vitu hivi husifiwa kwa pumzi moja, kana kwamba kimoja hakina maana bila mwenzake, lakini kwa maoni yangu thamani zake hazilingani. Kipimo kinastahili kununuliwa na karibu kila mwenye gari la petroli la umri huu, hata kama hana nia ya kuigusa kompyuta yake. Kompyuta yenyewe inawafaa wachache, nami nitaeleza ni akina nani.

Gari lina injini ya 1FZ-FE ya mitungi sita, cc 4,477, yenye distribyuta (kigawanyaji cha cheche kwa silinda) na gia za mkono. Ni gari la kazi: hupeleka wageni Tsavo Mashariki kwa kupitia lango la Sala, hurudi likiwa limejaa vumbi jekundu, kisha hulala karibu na ufuo ambako chumvi ya baharini hula kila kilicho cha shaba au cha chuma. Kompyuta yake ya zamani haikuwa imeharibika. Kilichochoka ni kipima hewa, yaani lile sanduku lenye mlango wa springi unaosukumwa na hewa inayoingia ili kompyuta ijue ni kiasi gani kimepita. Mlango huo hulegea kwa umri, na mafundi wengi, kwa nia njema kabisa, hufungua kifuniko na kukaza au kulegeza gurudumu la springi huku wakisikiliza mlio wa injini. Baada ya mikono mingi kupita humo, hakuna anayejua tena kiwanda kilikusudia nini. Kipya ni ghali na adimu, na cha mtumba huenda kimepitia mikono mingi zaidi ya hicho ulicho nacho. Ndipo lilipokuja wazo la kukiondoa kabisa na kufunga kompyuta inayokadiria hewa kwa kupima shinikizo la ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) na joto la hewa.

Nianze na kihisi, kwa sababu ndicho kilichofungwa kwanza. Magari mengi ya zama hizo yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zilizokuwa bado zikitumia petroli yenye madini ya risasi yalitoka kiwandani bila kihisi chochote cha oksijeni, maana risasi hukiua kwa muda mfupi. Kenya, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini magari yaliyokwishaingia yalibaki jinsi yalivyo. Injini hupewa mafuta kwa kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani, na ndani ya bomba la moshi hakuna kitu kinachorudisha habari ya matokeo. Kompyuta inasema, lakini haisikii.

Hata magari yaliyo na kihisi cha kawaida, kile ambacho Bosch ilikitengeneza na ambacho kiliingia katika magari ya Volvo mwaka 1976, hayaelezwi mengi. Kihisi hicho hutoa karibu volti 0.1 mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani hewa imezidi, na karibu volti 0.9 ukiwa mzito, yaani petroli imezidi. Penye uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito, volti huruka ghafla na kuvuka 0.45. Kwa hiyo kinajua tu kama umevuka mstari au hujauvuka. Ukikiuliza kama uko kwenye 12.5 au 11, hakina jibu la kutegemewa, ilhali tofauti ya namba hizo mbili ni tofauti ya injini yenye nguvu na injini inayomwaga petroli bure.

Kihisi cha masafa mapana kina chumba kidogo cha kauri ambamo moshi huingia kwa kiasi kidogo sana, pamoja na pampu ya umeme inayotoa au kuingiza oksijeni mpaka hali ya humo ndani ifanane na ile ya uwiano kamili. Mkondo wa umeme unaohitajika kuifanya kazi hiyo ndio kipimo chenyewe. Kazi hii yote hutegemea joto, na kauri ya Bosch LSU 4.9 hushikiliwa karibu na nyuzi 780 za Selsiasi, ndiyo maana kihisi hiki hakiwezi kuunganishwa ovyo na waya wowote bila kidhibiti chake. LSU 4.9 ndicho kinachokuja na AEM X-Series. Namba yake ya Bosch, 0 258 017 025, ifaa kuandikwa mahali kabla ya kwenda kutafuta cha akiba, kwa kuwa vya bandia vimejaa sokoni na sanduku lake huigwa vizuri kuliko kauri yake.

Ndani ya pakiti kuna saa ya milimita 52 ya kuonyesha namba, kihisi, nyaya zake, pamoja na kikombe cha chuma chenye hesi za M18 kwa 1.5 cha kuchomelea kwenye bomba na kizibo chake. Hakuna cha kuongeza isipokuwa fyuzi na fundi wa kuchomelea mwenye mkono mtulivu. Hata hivyo, hapa ndipo kazi nyingi huharibika, nami ningependa msomaji asipite haraka. Kikombe kichomelewe baada ya mabomba ya silinda kuungana, kiasi cha sentimita 45 au zaidi kutoka hapo, na kabla ya katalisti (kisafisha moshi) kama ipo. Kikae upande wa juu wa bomba, mahali ambapo mshale wa saa ungekuwa kati ya saa nne na saa nane, ili kihisi kielekee chini kwa mteremko wa angalau nyuzi 10. Sababu yake ni maji. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na hata katika joto la Malindi mvuke huo huganda kuwa matone ndani ya bomba baridi kila asubuhi. Tone moja likiangukia kauri iliyokwisha kuwaka, kauri hupasuka. Wapo wanaochomelea kikombe chini ya bomba kwa sababu ndipo tochi inapofika kwa urahisi, na kihisi chao hakimalizi msimu.

Kuna maadui wengine wa kihisi ambao hawaonekani. Gundi nyingi za silikoni zinazotumiwa kuzibia vifuniko vya injini hutoa mvuke unaokitia sumu, hivyo inunuliwe ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa vihisi vya oksijeni. Injini inayokula oili au kuvujisha maji ya rejeta ndani ya silinda ikarabatiwe kwanza. Kihisi kisiachwe ndani ya bomba bila umeme huku injini ikifanya kazi, kwa kuwa masizi hukiganda kikiwa baridi. Kikiwa hakitumiki kitolewe, na kizibo kile kirudishwe mahali pake. Tena, kiunganishi chake kisikatwe kwa hali yoyote. Kila LSU 4.9 hupimwa kiwandani na kupewa kikinzani chake maalumu kilichofichwa ndani ya kiunganishi hicho, na hicho ndicho kinachoiwezesha AEM kufanya kazi bila kusawazishwa kwa hewa wazi. Fundi rewaya aliyezoea kukata, kumenya na kusokota nyaya aambiwe mapema.

Kabla hatujagusa kompyuta, saa hiyo peke yake ilikwisha kueleza mengi. Katika mwendo wa kutulia kwenye barabara ya Mambrui, ambako ni tambarare na injini haina mzigo, ilionyesha namba za 11 wakati ilipaswa kuwa karibu na 14.7. Plagi zilikuwa nyeusi kwa miaka, na kila fundi aliyeziona alikuwa na maelezo yake: mara petroli chafu, mara injekta zinazonyunyiza petroli, mara koili ya cheche. Sasa lilikuwa jambo la kusoma tu. Mtu mwenye subira angeweza kuishia hapo, akairudisha springi ya kipima hewa taratibu huku akiangalia saa, na gari lake likawa zima bila kununua kompyuta yoyote. Kwa bei ambazo EPRA, mamlaka ya nishati, hututangazia kila tarehe 14 ya mwezi, naona kipimo kinajilipa chenyewe katika gari la ukubwa huu.

Ila saa hiyo ina namna mbili za kukupotosha, na anayeinunua azijue. Tundu dogo katika bomba kabla ya kihisi huvuta hewa ya nje kati ya pumzi moja na nyingine ya moshi, na saa husema mchanganyiko ni mwepesi ilhali sivyo. Vilevile silinda isiyowaka hutema oksijeni yake yote pamoja na petroli yake, na kwa kuwa kihisi kinapima oksijeni, nacho husema mwepesi. Anayeongeza petroli kwa kuiamini namba hiyo anazidi kuilowesha plagi iliyokwisha kushindwa.

Sasa kompyuta. MicroSquirt ni toleo dogo la MegaSquirt, mradi uliobuniwa na Bruce Bowling na Al Grippo wa Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya watu waliotaka kuzielewa kompyuta za injini na si kuzinunua tu zikiwa zimefumbwa. Inakuja imekamilika ndani ya kibati kidogo chenye kiunganishi cha pini 35. Ina njia mbili za kuendesha injekta na njia mbili za kutuma ishara ya moto, yaani ya cheche, basi. Kwa injini ya distribyuta hilo linatosha: injekta tatu zikapewa njia ya kwanza, tatu njia ya pili, na ishara moja ya moto ikapelekwa kwenye ignita ya Toyota iliyokuwapo, nayo ikaendelea kuendesha koili kama zamani. Kwa injini yenye koili juu ya kila silinda, inayotaka kila injekta ifunguke kwa zamu yake, hii si kompyuta ya kufikiriwa.

Mnunuzi ajue pia vitu ambavyo havimo. Haina kihisi cha shinikizo la manifoldi ndani yake, kwa hiyo cha nje hununuliwa kando na kupewa bomba lake jembamba la kunyonya. Haiendeshi valvu ya sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) ya aina ya mota inayokwenda hatua kwa hatua. Inaendesha ile ya waya mbili, na gari lenye aina ya kwanza hulazimika kubadilishiwa. Huzungumza na kompyuta ya mkononi kwa mlango wa siriali wa zamani, hivyo adapta ya USB inahitajika, na adapta za bei rahisi kupita kiasi zina tabia ya kukata mawasiliano. Programu ya TunerStudio hupatikana bure, lakini sehemu yake inayojisahihishia jedwali la mafuta kwa kusoma kihisi ukiwa barabarani hufunguliwa kwa kulipia. Ningeshauri ilipiwe, ni fedha kidogo ukilinganisha na petroli inayochomwa kwa kubahatisha. Aidha, injekta zipimwe kwa mita kabla ya kuunganishwa: zenye ukinzani wa ohm 12 kwenda juu huunganishwa moja kwa moja, lakini zile za ohm 2 au 3 zinahitaji vikinzani au mpangilio maalumu, vinginevyo huvuta umeme kupita kiasi.

Jambo moja huwashangaza mafundi siku ya kwanza: ukishakitoa kipima hewa, pampu ya petroli haifanyi kazi. Katika Toyota nyingi za aina hii swichi ya pampu imo ndani ya sanduku lile la mlango, na likiondoka inaondoka nalo. Rilei (swichi ya umeme) ya pampu lazima ipewe waya kutoka kwenye kompyuta mpya.

Kuhusu nyaya nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo pwani inapotofautiana na maelekezo ya vitabu. Kazi ya mwanzo ilifanywa na karakana moja mjini ambayo sitaitaja, na kwa macho ilipendeza: nyaya zimefungwa kwa mkanda mweusi, zimenyooka, hakuna kinachoning'inia. Lakini saa ya AEM ilikuwa ikisoma namba moja na TunerStudio namba nyingine, na tofauti ikawa inaongezeka taa zikiwashwa. Aliyeliona tatizo ni kijana anayejifunza kazi katika gereji nyingine ya upande wa Maweni. Alifuata waya mweusi mpaka mwisho wake, akakwaruza kwa bisibisi, akasema, "Ami, ethi hii imefungwa juu ya rangi."

Ethi ni waya wa kurudishia umeme kwenye chuma cha gari, na rangi huuzuia. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kujulikana. AEM hutoa volti 0.5 inapotaka kusema 8.5, na volti 4.5 inapotaka kusema 18, maana yake kila volti moja ni sawa na 2.375 za uwiano. Ethi ya kipimo ikipishana na ethi ya kompyuta kwa volti 0.1 tu, kompyuta itakuwa imekosea kwa karibu 0.24. Kipasha joto cha kihisi na injekta hunyonya umeme mwingi kwa vishindo, na ethi yenye kutu au rangi hupanda kwa kiasi hicho bila shida. Kompyuta inayojisahihisha yenyewe kwa namba ya uongo italiharibu jedwali zima kwa bidii na kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo ethi zote za kompyuta na ile ya kipimo zikutanishwe mahali pamoja, kwenye chuma tupu cha injini yenyewe, kilichokwaruzwa na kupakwa grisi baada ya kukazwa. Kisha uso wa saa na skrini vilinganishwe, mara injini ikiwa baridi na taa zimezimwa, mara kila kitu kikiwa kimewashwa. Visipolingana, hakuna haja ya kuendelea na hatua nyingine yoyote.

Viungo vya nyaya tulivifunga upya kwa vibano vya kukaza na mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Mabishano kuhusu solda ni ya zamani nami siyamalizi hapa, ila barabara ya Sala ina matuta madogo yasiyokwisha, na waya uliolowa solda hukatika pale ugumu wake unapoishia. Kibati cha kompyuta kimewekwa ndani ya gari, nyuma ya dashibodi, mbali na joto la injini na upepo wa bahari. Najua kuna wanaokifunga chini ya boneti, na kimetengenezwa kustahimili zaidi ya kompyuta za kawaida, lakini sioni faida ya kukijaribu.

Hatua nyingine iliyotaka utulivu ni ishara ya mzunguko. Distribyuta ya injini hii ina vihisi vya sumaku vinavyohesabu meno ya gurudumu linalozunguka, na kila kimoja kina waya mbili zinazofanana. Zikigeuzwa, injini huweza kuwaka na hata kwenda, ila taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, huteleza kadiri mwendo unavyoongezeka, na wakati mwingine kompyuta hupoteza hesabu ya meno na kukata moto kwa nukta. Wengi hapo huanza kulaumu koili. TunerStudio ina ukurasa unaochora meno yanavyopita, na mchoro usio sawa huonekana hata na mtu asiyejua umeme. Baada ya hapo, taimingi ilifungwa kwenye nyuzi 10 ndani ya programu, tukaelekeza taa ya taimingi kwenye puli ya kranki na kuhakikisha kwamba chuma kinasema vilevile kama skrini, kwanza kwa sailensi kisha kwa mwendo wa juu. Bila uhakika huo, jedwali la moto ni namba tu, na injini kugonga hadi pistoni itoboke si jambo la mbali.

Kuhusu majedwali ya petroli na ya moto, nina onyo kwa ndugu zangu wa pwani nzima, kutoka Lunga Lunga hadi Mokowe. Ni kawaida kuletewa jedwali lililopimwa Nairobi kwa injini kama yako, nasi tulianza na mojawapo, nalo lilikuwa limefanywa kwa ustadi. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama kilopaskali 83, wakati hapa Malindi tunapumua karibu kilopaskali 101. Gari lisilo na taabo likikanyagwa mpaka mwisho Nairobi halivuki hizo 83. Maana yake safu zote za jedwali za shinikizo la kutoka 85 hadi 100 hazijawahi kuguswa na injini. Zimejazwa kwa kukadiriwa. Gari hilohilo likishuka pwani na kukanyagwa, linaingia moja kwa moja katika safu hizo, na ndizo za mzigo mkubwa kabisa, ambamo mchanganyiko mwepesi na moto wa mapema huua. Yeyote anayepokea jedwali la bara asikanyage mwisho mpaka safu za juu zimeongezwa petroli na kucheleweshwa moto, kisha zisahihishwe pole pole huku mtu wa pili akiangalia saa. Sisi tulitumia vilima vya kuelekea Marafa, kwa kuwa barabara ya Gongoni ni tambarare mno na haiipi injini kazi.

Anayetoka huku kwenda Nairobi ana jambo lake pia. MicroSquirt iliyofungwa na kihisi kimoja cha shinikizo husoma hewa ya nje mara moja tu, ufunguo unapowashwa. Ukipanda kutoka baharini bila kuzima, inaendelea kuamini kwamba uko Malindi. Masahihisho yanayohusika ni madogo, na anayesimama Mtito Andei kunywa chai na kuwasha tena amekwisha kuyapata.

Joto nalo lina tabu yake. Hewa ya nyuzi 40 ina uzito pungufu kwa kiasi cha asilimia 6 kuliko ya nyuzi 20, na kompyuta hupunguza petroli ipasavyo, jambo ambalo ni sahihi. Tatizo huja pale gari linapozimwa langoni wakati tiketi zinashughulikiwa, na kihisi cha joto kilichochomekwa kwenye manifoldi kikaiva pamoja na chuma chake. Ukiwasha, kompyuta inaambiwa kwamba hewa ni ya nyuzi 60 ilhali ni ya 35, inakata karibu asilimia 7 za petroli isivyostahili, na gari linasitasita kwa mita mia kadhaa za mwanzo. Saa ya AEM iliionyesha hali hiyo wazi: 16 na zaidi, kisha ikashuka kadiri hewa mpya ilivyokipoza kihisi. Tulikihamishia kwenye bomba la plastiki baada ya chujio la hewa, tukachukua cha aina iliyo wazi kinachopoa haraka, na kusitasita kukaisha kwa sehemu kubwa.

Namba tulizozilenga hazina siri: karibu na 14.7 kwa mwendo wa kawaida na sailensi, na 12.5 hadi 13 unapokanyaga kwa nguvu. Gari limepata utulivu ambao halikuwa nao, linawaka mara moja asubuhi, na plagi zimerudi rangi ya kahawia hafifu. Matumizi ya petroli yamepungua kwa kiasi kinachoonekana mfukoni, ingawa kwa haki lazima niseme kwamba sehemu kubwa ya akiba hiyo ingepatikana kwa kuurekebisha mchanganyiko peke yake, kwa njia yoyote ile.

Kwa hiyo MicroSquirt naipendekeza kwa mwenye injini rahisi ya zamani ambayo kipima hewa chake kimekufa, aliye tayari kusoma mwongozo mrefu wa Kiingereza na kubeba kompyuta ya mkononi garini kwa muda. Asiye na moyo huo, au anayetegemea gari kila siku na hana fundi wa karibu anayeielewa, atafute kipima hewa kizuri cha mtumba na afunge AEM ili akihakiki. Likiharibika Garsen au ndani ya mbuga, hakuna fundi wa njiani atakayeifungua kompyuta hii, na hilo si dogo kwa mwenye wageni. Nyaya za kiwandani hatukuzikata. Tuliunganisha kwa kiunganishi cha kati, na kompyuta ya zamani pamoja na kipima hewa chake vimo kwenye sanduku chini ya kiti cha nyuma, tayari kurudishwa.

Kilichobaki ni AC. Kompresa ikishika, mwendo wa sailensi hushuka kabla valvu haijafungua vya kutosha, na injini hutetema kwa sekunde moja hivi. MicroSquirt inaweza kupewa ishara ya AC ili iongeze hewa kabla ya mzigo, lakini inahitaji waya mmoja zaidi na pini ambayo kwa sasa tumeitumia kwa kazi nyingine. Mpaka tutakapoipanga upya, dereva amezoea kugusa mafuta kidogo anapoiwasha.